Pini ya Nane

Pini ya saba ilipinda, ikabidi Ramani aigongee kwenye ramani ya ukutani kwa kisigino cha kiatu. Hapo ndipo mahali pa mwisho palipojulikana pa kampuni ndogo ya chakula aliyopewa kazi ya kuitafuta: chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi, sasa kina kufuli.

Jina lake halisi wenzake ofisini walishalisahau. Walimwita Ramani kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wafanyabiashara mahali pa kufungua matawi, na kwa sababu alipenda kujisifu kwamba ukimpa anwani tano za mtu, yeye atakutajia ya sita. Bosi alikuwa amechoshwa na majigambo hayo. Alimwambia waziwazi kwamba mteja huyu asiporidhika, meza ile atapewa mwingine.

Mteja mwenyewe alikuwa mwenye hoteli, mtu wa makamo, mpole, mpenda utani. Alieleza kwamba kuna mwanamke anayepika chakula cha mchana na kukipeleka maofisini. Akikaa mahali mwaka, au hata haujatimia, anafunga, anahamia mji mwingine na kufungua kwa jina jipya. Mara saba ndani ya miaka sita. Anwani zote saba mwenye hoteli alikuwa nazo, ila kila moja aliipata mama wa watu ameshaondoka.

"Nitajie ya nane, kaka," alisema. "Safari hii nataka nifike kabla hajafungasha."

Ramani aliumiza kichwa wiki mbili. Matawi yale hayakuwa na akili ya biashara hata kidogo. Mawili yalikuwa kwenye mitaa isiyo na ofisi. Yote yalikuwa hatua chache kutoka stendi, na yote yalikuwa na mlango wa nyuma, wakati mtu anayetafuta wateja huangalia ule wa mbele. Akili ni nywele, alijiambia, lakini huyu zake kazichana vipi?

Alisafiri hadi kwenye pini ya saba. Jirani wa kile chumba alikuwa fundi cherehani, naye hakumkaribisha hata kiti. Alisema Ramani si wa kwanza kuja kuuliza. Alipobembelezwa sana, akakubali kwamba mpishi alikuwa mtu wa watu, akiongea mikono yake haitulii, ingawa ule wa kushoto haukuwa unanyooka sawasawa. Ramani aliandika kwenye daftari: masufuria mazito. Kisha siku moja, fundi akaendelea, mama yule aliacha chakula kinachemka jikoni, akatokea mlango wa nyuma, asirudi tena.

"Mwambie aliyekutuma," fundi alisema huku akikata uzi kwa meno, "yule mama hapa hakugombana na mtu."

Njia nzima ya kurudi roho ilimsuta. Mama yake mwenyewe aliwahi kupika nje ya geti la kiwanda, mpaka tajiri mmoja alipofungua mgahawa ng'ambo ya barabara. Mwaka ule nyumba yao ilijua njaa. Sasa yeye ndiye anamtilia mwanamke mwingine mchanga kwenye kitumbua, na alijichukia kwa hilo. Alimpigia simu mwenye hoteli, akamwomba wakimpata amwajiri, asimfilisi.

"Sitamfilisi," mwenye hoteli alicheka. "Nitaongea naye tu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Jibu lilimjia siku aliyoilaza ramani ya shule juu ya ile ya matawi. Kila pini ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka shule yenye madarasa ya watoto wasiosikia. Shule za namna hiyo zilikuwa chache mno, zinahesabika. Ramani nusura apige makofi. Wazazi huwaleta watoto kutoka mbali, kurudi nyumbani na kuja tena hawawezi, basi hushinda nje ya geti na njaa zao. Hakuna mwingine aliyewafikiria. Mpishi yule alikuwa mjanja kuliko wenye mahoteli wote, na Ramani alimvulia kofia.

Ukitoa miji ambayo alishapita, ilibaki shule moja. Ramani alipiga simu huko akijifanya mzazi, akauliza ratiba ya masomo, kisha akauliza kama jirani kuna pa kula. Karani akamjibu kwa furaha kwamba yupo mama mmoja nyuma ya uzio, kaja mwezi uliopita, anapika vizuri sana.

Asubuhi iliyofuata mwenye hoteli alisimama mbele ya pini ya nane kwa muda mrefu. Hakutania. Hakuuliza mama yule anapika nini, wala sahani anauza bei gani. Alimshika Ramani mkono kwa mikono yake miwili, akasema bosi atazisikia sifa zake leo hii. Ramani alishusha pumzi. Meza yake ilikuwa imepona, na kuhusu yule mpishi alijifariji kwamba mtu mwenye akili kama ile hashindwi kuanza tena.

Mwenye hoteli alikuwa ameshashika kitasa alipogeuka.

"Hiyo shule wanatoka saa ngapi?"

"Saa saba na nusu," Ramani alijibu, akijivunia kwamba hata hilo analijua.

"Basi kesho saa saba nitakuwa getini. Binti yangu hata nikimwita hasikii, itabidi nimshike mkono."