Barabara Iliyotungwa Uani

Pii! Pii! Piiii!

Kijana waliyemwita Redio aliruka kutoka kitandani. Honi ililia karibu mno, kana kwamba imefichwa chini ya mto wake, na tangu ahamie hapo hajawahi kuona gari likiingia uani. Akafungua mlango wa chumba chake cha nyuma, shati bado mkononi.

Gari dogo jeupe lilisimama katikati ya kamba za nguo. Kwenye usukani alikaa shemeji yake, mke wa kaka yake, mwanamke fundi wa kushona viti vya magari. Alikuwa anacheka peke yake.

"Kumbe uko hai! Njoo unisaidie kupanga safari. Leo nampeleka mama yangu ziwani."

"Ziwa lipi?"

"Lipo lingine? Lile la milimani, kaka yako anakopeleka saruji kila Jumatatu mpaka Ijumaa."

Usingizi ukamtoka Redio wote kwa mkupuo. "Unataka kumshtukiza kaka?"

"Akishtuka, shauri yake."

Kaka mtu hajawahi kupeleka ziwani hata mfuko mmoja wa saruji. Lori lake lilizunguka humu humu mjini, na siku hizo tano alilala nyuma ya soko, kwa mke mdogo ambaye fundi hakuambiwa habari zake. Barabara ya ziwani, pamoja na daraja lake la mbao, mama muuza chai mwenye jicho moja na kona saba za ukungu, aliitunga Redio. Kila Ijumaa alimfundisha kaka yake hapo uani, kwa minong'ono, kabla hajaingia ndani kumsimulia mkewe safari. Redio alikuwa na kipaji. Miaka minne sasa alikula mezani kwa fundi na kulala katika chumba cha fundi. Siri ikifumuka, kaka anapoteza mke, naye anapoteza paa.

Fundi alishuka, akafungua daftari juu ya boneti.

"Nimeandika vituo vyote alivyosimulia. Tukitoka saa tatu, saa tano tuko darajani. Tunakunywa chai kwa yule mama wa jicho moja, halafu tunazianza kona. Nakosea?"

"Daraja limebomoka," Redio akasema upesi.

"Lini?"

"Juzi. Mvua."

"Ijumaa kaka yako alisema kumekauka, vumbi linamziba pua."

"Vumbi lilikuwa kabla ya mvua, shemeji."

"Na malori yanavukaje?"

"Yanapita majini. Malori ni marefu."

"Basi na mimi nitapita majini," fundi akasema, akaandika *majini* kwenye daftari.

Mama yake fundi akatoka ndani, koti zito mwilini, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Tangu usichana wake ziwa lile alilijua kwenye kalenda tu.

"Mama, kule baridi kali," Redio akamsihi. "Utakiua kifua chako."

"Kifua ni changu. Sogea nipite, mwanangu."

Redio hakusogea. Alijibanza mlangoni mwa gari kama mlinzi wa benki.

"Shemeji, nikwambie ukweli. Kona zile ni za wanaume. Ukikosea gia mara moja, mnakwenda bondeni."

Fundi alimtazama kutoka miguu peku mpaka shati alilolivaa kwa haraka, ndani nje.

"Mikono hii imeshona viti vya wanaume wote wa barabara ile. Wanakaa benchi lile wakinisubiri, wananipa habari zao na za wenzao. Wengine nikiwachoma kidogo kwa sindano wanamwita mama. Hakuna aliyezaliwa na usukani."

"Leseni je?"

Akaitoa kwenye pochi, akampungia puani. "Miezi mitatu nilikuwa naaga nakwenda kununua uzi. Hukujiuliza uzi wenyewe uko wapi?"

"Kaka hajakuruhusu!"

"Sijamwomba."

Alilisema taratibu, bila kupandisha sauti, na Redio akaona afadhali angepiga kelele. Mtu anayepiga kelele unaweza kumbembeleza.

Akakimbilia chumbani, akapiga simu. Kaka akiwahi kulitoa lori sasa hivi, akapanda milima mbio, huenda akatangulia kufika. Simu ilikuwa imezimwa. Milimani hakuna mtandao: hilo nalo alilitunga yeye mwenyewe, na kaka alilifuata kama sheria, kila wiki, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Injini ikanguruma. Alipotoka, mama mtu alikuwa amekwishakaa kiti cha mbele, mkoba magotini, macho mbele kama abiria wa ndege. Gari lilianza kurudi nyuma kuelekea lango. Redio akalishika dirisha, akawa anakimbia nalo kinyumenyume.

"Shemeji, ngoja! Ngoja basi! Mji wa kule ziwani mkubwa, mtapotea. Niambie tu, nimwambie kaka awapokee wapi?"

Fundi akakanyaga breki. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala na viatu.

"Usimsumbue. Nimepita kule nyuma ya soko alfajiri, nimemwachia nguo zake zote, zimepigwa pasi. Mke mwenzangu ni mtu mzuri, Redio. Amesema nafasi ya godoro lako pia ipo."

Akatia gia, akamgeukia mama yake. "Funga mkanda, mama. Nakuahidi, leo jua halizami kabla hujanawa uso kwa maji ya ziwa."