Winchi ya Mzee Thadeo

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tisa Februari, saa nne asubuhi. Serikali ilimaliza kutengeneza barabara.

Siyo kwamba Thadeo hakuitaka. Aliililia miaka sita. Njia ya mkato inayotoka Butiama kwenda kutokea barabara ya Bunda inashuka bondeni, na pale bondeni kuna chemchemi inayomwaga maji njiani masika na kiangazi. Hapo ndipo ilipokwama teksi iliyombeba mkewe, Rhobi, kumkimbiza hospitali Musoma. Ilikwama tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Rhobi hakufika. Wakubwa walikuja msibani, wakala wali, wakaahidi kalivati la kupitishia maji chini ya njia, wakarudi kwa njia nyingine.

Thadeo akauza ng'ombe tisa, akanunua Landrova kuukuu, akaipeleka kwa Clementi, mchomeleaji wa Nyasho, akaanza kuivisha. Ngao ya chuma mbele. Keria juu, na spotilaiti nne. Matairi yenye meno kama ya mamba. Bomba la kupumulia linalopanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, gari lisinywe maji. Na kipenzi chake kuliko vyote, winchi, mashine ya kujivuta na kuvuta wengine, yenye waya wa kung'oa hata lori.

"Mzee, hii gari imevaa kuliko bibi harusi," Clementi alimwambia. "Sasa unaipeleka wapi?"

"Bondeni."

"Na baada ya bondeni?"

"Narudi nyumbani."

Ndiyo ikawa kazi yake. Kila kukicha aliegesha juu kidogo ya tope, akabandika birika, akangoja. Aliyekwama alivutwa bure. Malipo yalikuwa masikio tu: kabla waya haujafungwa, ukae kwenye lile jiwe bapa usikilize habari za wakubwa, kuanzia kalivati lililopotelea kwenye makaratasi mpaka nani alikula kokoto. Wengi walitazama saa zao. Kuna mwalimu mmoja aliomba aachwe tu kwenye tope.

Marieta hakuwa hivyo. Huyu alikuwa mjane kutoka Iringo, mjini Musoma, anapeleka dagaa mnadani kila Alhamisi kwa Suzuki fupi ya kijani. Na kila Alhamisi alikwama. Alikaa kwenye jiwe akasikiliza mpaka mwisho, na hapo bado akauliza, "Na yule wa kokoto, walimfanya nini?"

"Walimpandisha cheo."

"Hee!"

Thadeo naye hakumwonea huruma. "Mama, hiyo leseni ulipewa au uliokota?"

"Niliokota, Baba Mniko. Niliikuta imekwama kwenye tope."

Marieta alikuwa na sharti moja. "Funga nyuma. Mbele usiguse, bampa limeshikiliwa na hilo gunia tu." Na kweli, mbele ya Suzuki kulikuwa na gunia limefungwa kamba mpaka kwenye taa. Basi Thadeo alimvuta kinyumenyume, na Marieta, akishatoka, alizungukia pembeni kwenye majani akapita bila shida. Bahati ya wasiojua kuendesha, Thadeo alijisemea.

Siku ya kwanza kabisa, waya ulipoanza kukaza, Marieta alivua koti lake akalitupa juu ya waya.

"Ukikatika, usikuchinje," alisema.

Thadeo alimkodolea macho. Mtu asiyejua kukwepa tope amelijuaje hilo?

"Marehemu alikuwaga dereva wa hifadhini," Marieta alijibu. Thadeo akammiminia chai.

Kisha likaja greda, yakaja makalivati, zikamwagwa kokoto za kweli. Jumatatu hiyo mkubwa mmoja akakata utepe, akamshika Thadeo bega. "Mzee, tumekusikia. Sasa pumzika."

Thadeo alitafuta la kulalamikia, akalikosa. Hilo nalo likamuuma.

"Na winchi?" Clementi alimtania kwenye simu. "Si uanikie nguo?"

Jumanne magari yalipita, yakapiga honi, hakuna lililosimama. Jumatano vilevile. Nyumbani hakukuwa na mtu. Mwanawe Mniko yuko Mwanza, hupigaga simu Krismasi. Thadeo hakuwa analililia tope. Alikuwa anawaza lile jiwe, kwamba hakuna atakayelikalia tena, na kwamba Alhamisi zimekwisha.

Alhamisi akashuka bondeni kuchukua birika lake, basi.

Barabara ilikuwa pana, kavu, ng'ombe ishirini wangeweza kupita wamepangana. Na Suzuki ya kijani ilikuwa imetumbukiza makalio mtaroni. Marieta alikuwa ameshakaa kwenye jiwe, birika linachemka, vikombe viwili vipo tayari.

"Nimekwama, Baba Mniko."

"Kwenye barabara hii?"

"Si hao wakubwa wako! Wameweka mtaro karibu na barabara."

Thadeo hakuwa amesikia neno tamu kama hilo wiki nzima. Akashusha waya mbiombio. Lakini nyuma ya Suzuki ilikuwa imebanana na ukuta wa mtaro, hakuna pa kupitisha hata kidole.

"Nitafunga mbele."

"Mbele usi..." Marieta alianza, halafu akainamia kikombe chake.

Thadeo alifungua kamba, gunia likaanguka. Bampa lilikuwa imara kama nguzo ya daraja. Katikati yake ilikaa winchi kubwa kuliko ya kwake, waya umepakwa grisi, haujagusa tope hata siku moja.

 Thadeo akaliokota gunia, akalirudisha, akalifunga fundo lilelile, akaenda kukaa kwenye jiwe. Akapokea chai, na ndipo akauliza swali ambalo mpaka leo Marieta hajalijibu:

"Mama, gari hili, Alhamisi zote hizo, lilikuwa linakwamaga vipi?"