Maana ya Familia

Alikuwako Kanga mjane, aliyeishi na Kobe mzee katika mtaa uliotengwa kwa nyumba za familia tu. Siku moja alijiwa na Nguchiro, msimamizi wa mtaa.

"Mama Kanga, sheria yasema familia ni watu wa damu moja. Kobe hana budi kuhama."

Kanga aliingia jikoni. Akapakua chakula, asikiguse.

"Mbona huli?"

"Namngoja Kobe. Siku hizi haoni vizuri, huchelewa njiani."

Mvua ikaanza kunyesha. Nguchiro akaenda mlangoni kuchungulia, akarudi, akaenda tena. Kobe alipotokea ametota, ni Nguchiro aliyemkimbilia.

"Karibu nyumbani, mzee wetu. Tulikuwa na wasiwasi."

Tangu hapo sheria ya mtaa husema: familia ni wale ambao mmoja asiporudi, wenzake hawali.