Mafiga ya Saumu

"Maharage ya kuni nayatambua hata nikiwa na mafua," alijisifu Bi Zuwena huku akionja, kisha akacheka. "Ila mwaka jana nilisifia harufu ya moshi, kumbe yaliungua tu."

Saumu, mke wa mwanawe, hakucheka. Mafiga ya uani alikabidhiwa na mkwewe siku ya harusi, kwa sharti moja: yakipoa, arudi kwao.

"Haya umeyapikia wapi, mwanangu?"

"Kwenye mafiga, mama. Tangu alfajiri nakohoa moshi."

"Mbona kanga yako inanukia sabuni?"

"Nimebadilisha, mama."

Bi Zuwena akajikongoja hadi uani. Katikati ya mafiga, juu ya majivu, kuku alikuwa ameatamia. Chini ya bawa lake kifaranga kikachungulia.