Wimbo wa Kumuua Nesi

Mstari wa tisa kwenye orodha ya muziki wa msimu ulisema: nesi anakufa, dakika mbili na sekunde kumi.

Mtunzi wa muziki aliusoma akiwa amesimama, begi bado begani. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tena. Nesi bado alikuwa anakufa.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameitungia muziki tamthilia ile ya hospitali, na kila mhusika alikuwa na wimbo wake mdogo. Daktari mkuu alitangulizwa na fidla. Mlinzi wa getini alikuwa na ngoma mbili za kuchekesha. Nesi alikuwa na noti tano za kinanda, zinapanda pole pole kama mtu anayepanda ngazi na sinia la dawa mkononi, hataki hata kidonge kimoja kidondoke. Noti hizo mtunzi alizipata kwa kumtazama mkewe akitembea jikoni. Na mkewe ndiye aliyemwigiza nesi.

Waigizaji hawakuambiwa nani atakufa. Picha zilipigwa namna mbili, mgonjwa akikata roho na mgonjwa akifumbua macho, ili siri isitoke. Mtu wa muziki ndiye aliyejua mapema, kwa kuwa kifo kilihitaji muziki wake. Alikuwa ametia sahihi: akimnong'onezea mtu yeyote, hata anayelala naye kitanda kimoja, kazi hana.

Misimu yote iliyopita mkewe alikuwa akimtania mezani. "Baba watoto, vipi, safari hii nazikwa?" Naye alimjibu kwamba fundi bado analipiga jeneza randa, avumilie. Msimu huu hakuuliza. Alimenya viazi, akamwangalia, akaendelea kumenya. Mtunzi aliona ni woga. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili akishatolewa kwenye tamthilia, nani atamwita tena? Mtaani walimwita nesi mpaka wenye duka, na watoto walimletea magoti yaliyochubuka awafunge bandeji.

Siku mbili mtunzi alijifungia kwenye chumba chake cha kazi, ambacho kuta zake zilifunikwa mablanketi mazito ili mlio usirudi. Chai ililetwa, ikapoa, ikaondolewa.

Alikuwa na desturi yake, na watazamaji walikwisha kuizoea. Mhusika akifa, wimbo wake hupigwa hadi karibu na mwisho, halafu noti ya mwisho haiji. Ikikosekana hiyo, watu sebuleni hushika vichwa kabla hata daktari hajasema neno.

Siku ya pili jioni alipiga noti nne za nesi. Akaacha kimya kirefu. Kisha, kwa kidole kimoja, akaipiga ya tano.

Kesho yake asubuhi aliketi kwenye chumba cha kuhariria, mikono katikati ya magoti. Mbele yake walikuwa mhariri wa picha na mwongozaji, mama mmoja mnene aliyechomeka penseli kwenye nywele na kuisahau humo siku nzima. Kwenye kioo mkewe alilala mweupe kama shuka, mashine ya moyo ikichora mstari ulionyooka. Noti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mhariri aliacha kutafuna. Kimya kikaenda, kikaenda.

Ya tano ikaingia.

Mwongozaji aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Mtunzi akawa anahesabu vitundu vya spika ili asimtazame mtu.

"Kaka, hiyo noti ya tano imefuata nini hapo?"

"Hajafa," alisema mtunzi.

"Kwenye karatasi amekufa."

"Karatasi haina masikio."

Mwongozaji alimwambia mhariri akanywe chai. Mhariri akajibu kwamba ameshakunywa. Akaambiwa akanywe nyingine. Mlango ulipofungwa, mwongozaji aligeuza kiti chake kizima.

"Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Umezungumza na shemeji?"

"Siri sijaitoa mimi. Uliza popote."

Mama yule alisema uamuzi ule hata yeye haukumpendeza, ila wakubwa wa kituo walikwisha kumkataza kuuzungumzia. Kituo cha televisheni kinaingoja sehemu hiyo saa sita, na ikishafika huko hairudi. Kama anataka kufikiri tena, bado dakika arobaini.

Mtunzi alisema ameshafikiri.

Basi mhariri akaitwa, akaambiwa atoe picha ya mstari ulionyooka, aweke ya macho yanayofumbuka. Noti ya tano ikakaa pale pale kope zilipotikisika, utadhani zilizaliwa pamoja. Mwongozaji alimshika mtunzi mkono kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia upesi. Mtunzi alichukulia ni pongezi.

Nyumbani alifika karibu akikimbia. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo, vibanio viwili mdomoni. Sehemu ilikwisha kwenda, hapakuwa na siri tena, kwa hiyo alimwambia pale pale, chini ya kamba.

"Umepona."

Mkewe alitoa vibanio mdomoni. "Nani kapona?"

"Nesi. Walitaka kumuua, nimemrudisha. Kwa noti moja tu, mama watoto. Hata mwongozaji amekubali."

Mkewe aliliacha shati lililolowa lirudi ndani ya beseni. Akapapasa nyuma yake, akapata ndoo iliyopinduliwa, akaikalia.

"Mwezi uliopita wakubwa wa kituo waliniita," alisema. "Msimu ujao watabaki na mmoja tu kati yetu wawili. Nikawaambia wamuue nesi."