Nani Atangulie

Salha ndiye aliyeandika programu ya kupanga wagonjwa waliosubiri mashine ya kusafisha damu. Kanuni yake ilikuwa rahisi: chukua wagonjwa wawili, walinganishe, aliyezidiwa zaidi atangulie, kisha wawili wengine, mpaka orodha nzima ipangike.

Asubuhi hiyo mkurugenzi wa hospitali, Bwana Kitwana, alisimama nyuma ya kiti chake akinukia marashi.

"Ongeza cheo, mwanangu. Kilinganishwe kwanza, kabla ya ugonjwa."

"Cheo cha nani, mzee?"

"Cha mgonjwa. Wewe andika tu."

Salha aliandika mstari mmoja, akaijaribu programu. Kufumba na kufumbua, diwani aliyekuwa wa kumi na tisa akapanda akawa wa kwanza. Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, akaporomoka kutoka wa kwanza hadi wa ishirini na tatu. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Salha alimwona mama huyo kwenye benchi la korido, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii.

"Safi sana," alisema Bwana Kitwana, akampigapiga begani.

Salha aliona kinyaa kama aliyemeza nzi. Bega lile alitamani kulivua alitupe. Akaufuta mstari, akasimama.

"Mimi siuandiki."

"Basi toka. Nitauandika mwenyewe."

Mzee akaketi, akaanza kutafuta herufi mojamoja kwa kidole. Salha akatoka. Bi Mwanahawa alipomwona anatetemeka, alijisogeza kwa tabu, akampa nafasi benchini.