Ndara Iliyopinduka

Kila Alhamisi asubuhi Zuleikha huwapelekea mahamri vijana wa kituo cha mafunzo cha Muyeye. Huliacha bakuli kizingitini, pale wanapovua viatu, akaenda zake.

Leo alikuta ndara moja imepinduka, soli inatazama mbinguni. Kiatu hakiachwi hivyo. Hata kama si chako, unakigeuza. Akainama, akaigeuza.

Gidamu yake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu, mishono saba, wa mwisho umekwenda upande. Aliishona yeye mwenyewe, kwa ajili ya binti yake, mwezi mmoja kabla binti hajapata mimba, kabla Zuleikha hajamkataza kumwita mama tena.

Kando yake palikuwa na viatu vya mtoto. Alikiweka kimoja kiganjani. Hakikufika hata kwenye vidole.

Ndani, kina mama wadogo walikuwa wakifundishwa kushona. Cherehani moja ikanyamaza. Mtu akaja mlangoni, mtoto kiunoni.

"Shikamoo, mama."

Miaka miwili, sokoni na matangani, Zuleikha alikuwa akimpita binti yake bila kuiitikia salamu hiyo. Alimtazama mtoto, ambaye naye alikuwa akilitazama bakuli, kidole mdomoni.

Zuleikha alifunua kitambaa. Harufu ya iliki ikapanda.

"Huyu ameshakula?"